Mwalimu na Reli ya Manchuria

Mwalimu alikuwa na vita na neno "kwa sababu". Mtoto akilitamka darasani, yeye huweka chaki chini, huvua miwani na kuuliza, "Sababu ya nani? Ya aliyepiga au ya aliyepigwa?" Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilimwona mtu wa kuchosha kupita kiasi. Sasa nimepita sitini, nimeosha maiti na nimelea wajukuu, na bado nikianza kujieleza kwa mtu ulimi unakuwa mzito. Hilo ni kosa lake, na sijamsamehe.

Mtaa aliozaliwa siujui, na ukoo wake nitawaachia wanaopenda koo. Sisi tulimwita Mwalimu, basi. Tuliyoyajua yalikuwa mawili. La kwanza, alitoka Unguja baada ya mapinduzi, kama wazee wetu walivyotoka. La pili, kule alimwacha mke na binti wa miaka minne. Huyo binti ndiye aliyekuwa donda lake. Miaka ilikwenda, kumi, kumi na mitano, na Mwalimu bado akisema, "Mwanangu ana miaka minne, anapenda maji ya ndimu." Kisha huongeza, "Iko siku atakuja, au nitakwenda mimi." Nasi tuliitikia inshallah, watu wazima na watoto, kwa kuwa kila nyumba yetu ilikuwa na mtu iliyemwacha nyuma.

Darasa lilikuwa Jumamosi, Kingsbury Road, chumba cha juu ya duka la Mhindi mmoja wa kwetu Unguja. Chumba kilinuka bizari na hita ya mafuta ya taa. Mwalimu alikuwa akija kutoka Thamesmead, upande wa pili kabisa wa London, treni mbili na basi, na hakuwahi kuchelewa hata barafu ilipofunga njia. Wazazi walitutuma tufundishwe Kiswahili, maana tulikwisha kuanza kuwajibu kwa Kiingereza. Badala ya Kiswahili, Mwalimu alitufundisha Japani.

Sisemi kwa mzaha. Alitufundisha Japani kwa Kiswahili, mwaka baada ya mwaka, mpaka mama yangu akapanda ngazi siku moja kulalamika.

"Mwalimu, hawa watoto hata Unguja hawaijui vizuri. Hiyo Japani ya nini?"

"Bibi, wakijua namna mwizi anavyoingia nyumba ya jirani, yao wataifunga vizuri."

"Yetu ishaibiwa, Mwalimu," mama akasema, akashuka.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa moja tu. Alichora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja aliandika "Walisema", upande wa pili "Walichukua". Kisha alisimulia, na sisi tulitakiwa kujaza. Kisa alichokipenda, na nadhani nilikisikia mara mia, ni cha reli ya Manchuria. Kaskazini ya Uchina palikuwa na reli iliyokuwa mikononi mwa Wajapani. Siku moja baruti ikalipuka pembeni ya reli hiyo. Baruti ndogo, alikuwa akisema, akituonyesha kwa kidole gumba na cha shahada. Chuma kiliharibika kidogo tu, hata treni iliyofuata ikapita na kufika salama inakokwenda. Lakini jeshi la Wajapani likapiga kelele kwamba Wachina wamewashambulia, na kabla ya siku ya pili mji mzima ulikuwa wao, na baada ya miezi michache Manchuria nzima. Baruti waliitega wenyewe.

"Walisema nini?" anauliza.

"Tunajilinda!" tunaitikia.

"Wakachukua?"

"Makaa ya mawe! Chuma! Soya!"

"Na nini tena?"

"Ardhi!"

Hapo hugeuka akatutazama mmoja mmoja. "Mpango ulikuwepo zamani. Ramani zilichorwa, askari wamekaa tayari. Kilichokuwa kikitafutwa ni neno la kusema. Mkumbuke hilo, watoto. Mpango kwanza, neno baadaye."

Kisa cha pili kilikuwa cha askari aliyekosekana. Karibu na daraja moja huko Uchina Wajapani walikuwa wakifanya mazoezi, wakahesabiana, mmoja hayupo. Wakataka waingie mji wa Wachina kumtafuta. Askari mwenyewe akarudi baada ya muda mfupi, mzima wa afya, pengine alikuwa amekwenda haja. Lakini vita vilikwisha kuanza, havikurudi naye. Wavulana walikuwa wakicheka mpaka wanaanguka, na Mwalimu aliwaacha wacheke, kisha aliwaambia ni watu wangapi walikufa, na hapo hakuna aliyecheka.

Hakuwa mtu wa kuwachukia Wajapani. Hilo liliwaudhi baadhi ya wazee waliokuwa na ndugu zao waliopelekwa Burma na jeshi la Waingereza. Mwalimu alieleza kwamba visiwa vile havina mafuta wala chuma cha kutosha, kwamba uchumi wa dunia ulipoanguka hariri yao haikununuliwa tena, na wakulima wa huko wakafika hali ya kuuza binti zao. Akifika kwenye binti sauti ilikuwa ikimpotea. "Njaa yao ilikuwa ya kweli," anasema. "Na mataifa makubwa, yaliyokwisha kunyakua fungu lao, yaliwafungia milango ya biashara. Lakini ukiwa na njaa ukaenda kumvunjia jirani nyumba, sema nina njaa. Usiseme nimekuja kumkomboa."

Maana wao walisema hivyo. Asia kwa Waasia, ustawi wa pamoja. Wakaenda Malaya kwenye mpira na bati, wakaenda Java na Sumatra kwenye mafuta, na watu wa huko wakatoka barabarani kuwashangilia kwa kuwa Mholanzi ameondoka. Haukupita mwaka, mchele wao unapakiwa melini na wao wenyewe wanasombwa kwenda kujenga reli za watu.

"Mwalimu, but that's Japan," nilimwambia siku moja. "Si kwetu."

Alifurahi kama niliyempa zawadi. Alinishika mkono, tukashuka dukani, darasa zima nyuma yetu.

Mwenye duka alikuwa mfupi, mwenye sweta la kijani mwaka mzima, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mkunazini, Unguja mjini hasa, safi kuliko changu. Yeye na Mwalimu walikuwa wakigombana kila Jumamosi, na sijapata kuona watu wawili waliohitajiana vile.

"Mwambie huyu mtoto," Mwalimu akasema, "baba yako alikuwa akiuza nini."

"Kanga."

"Kutoka wapi?"

"Japani. Majora kwa majora. Rahisi, rangi haichuji haraka. Waingereza walikasirika, vitambaa vyao vya Manchester hakuna anayevitaka. Eh, Mwalimu, usianze tena. Mzee wangu alikuwa mfanyabiashara, hakupiga mtu risasi."

"Sikusema alipiga. Nasema kitambaa kilikuja kwetu, na bunduki ikaenda Uchina, na kiwanda ni kile kile kinachotafuta mahali pa kuuzia."

"Na bibi zetu wakavaa nguo kwa bei ya maskini! Hilo nalo liandike ubaoni."

"Nitaliandika. Mwambie na karafuu."

Mwenye duka akakuna shingo. Karafuu za Unguja, alituambia, sehemu kubwa zilikuwa zikienda Java, watu wa huko huzichanganya na tumbaku wakavuta. Wajapani walipoichukua Java, meli hazikwenda tena, na magunia yakalala bandarini kwetu. Mimi nilisimama kati ya mifuko ya dengu nikasikia, kwa mara ya kwanza, kwamba dunia ni moja. Sikulipenda jambo hilo na silipendi mpaka leo.

Kazi yake ya kulipwa ilikuwa maktaba ya chuo, chini ya ardhi, akiwatafutia wasomi vitabu na kuvipandisha kwa lifti. Cheti chake cha ualimu hapa hawakukitambua. Vitabu vya Japani alivisoma huko chini wakati wa chakula, amesimama. Alikuwa akiandika chake mwenyewe, kwa Kiswahili, kuhusu visingizio vya vita vya Japani, na kila tulipomwuliza alijibu kimebaki sura moja. Chai alikunywa bila sukari, kisha akala halua kipande kizima, akasema vitu viwili hivyo havihusiani. Barua za serikali alizifungua kwa kisu cha mkate, amesimama wima. Aliwachukia watu waliojisifu kwa uhamisho wao. Hilo nilidhani ni unyenyekevu.

Lipo jambo nililolifanya nikiwa na miaka kumi na mitatu ambalo kwa muda mrefu nililijutia, kisha nikaacha kulijutia. Tulikuwa tumezoea ule ubao kiasi cha kuwapeleka watu wote pale. Tuliwapeleka Waingereza wa Unguja: walisema wamekuja kukomesha utumwa, wakachukua karafuu. Tukawapeleka Wajapani wa Korea. Tukampeleka mwenye duka. Nikanyoosha mkono.

"Na wewe Mwalimu? Ulipoondoka ulisema nini?"

Darasa likacheka, maana lilikuwa swali la kitoto. Mwalimu hakucheka. Aliweka chaki chini. Akaichukua ile nguo ya kufutia akaufuta ubao wote, polepole, pembe kwa pembe, akasema tumechoka leo, tutawanyike. Ilikuwa bado saa nzima. Mama yangu alinichapa kwa kumtia Mwalimu huzuni. "Mtu kafukuzwa kwake kama sisi, umwulize upuuzi huo?"

Sisi tulifukuzwa kweli. Baba yangu alikuja kuchukuliwa nyumbani mchana, kwa gari, akiwa na kandambili miguuni, na hajarudi. Mama alinipakia mimi na ndugu yangu kwa hila ambazo mpaka leo hataki kuzisimulia. Nalitaja hili mara moja na nitanyamaza, ila lieleweke kwa nini niliwaweka watu wa London katika mafungu mawili, waliokimbia na waliohama, na Mwalimu nilimweka katika letu.

Baadaye mambo ya nyumbani yalilegea. Watu wakaanza kwenda Unguja na kurudi, na masanduku ya nguo, na picha za harusi. Mwenye duka mwenyewe alikwenda, akaja na maembe makavu na machozi. Kila mtu alimwambia Mwalimu, sasa nenda, kamwone mwanao. Mwalimu alisema kitabu kimebaki sura moja. Mwaka wa pili akasema goti. Halafu kikawa kifua, daktari amemkataza vumbi. Halafu ikawa ni baridi imemzoea. Nilikuwa muuguzi wakati huo, nina watoto wangu, na nilikuwa nikipita kwake Thamesmead kumpima presha, na nilizipokea sababu zake moja moja bila kumwuliza ni za nani. Hapo ndipo ninapojilaumu. Aliyenifundisha kuuliza nilimwacha bila swali.

Kisha ikaja barua, kwa mkono wa msafiri, imeachwa dukani Kingsbury. Ilikuwa ya yule binti. Mistari mitano. Mama yake amefariki. Kabla ya kufariki amemwambia baba yake yuko London. Anaomba ruhusa ya kuja kumwona.

Mwalimu alinipigia simu kazini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilipofika nilimkuta amevaa koti, amekaa kitandani. Yalihitajika maombi ya viza, barua ya mwaliko, uthibitisho wa makazi. Nikamwambia anipe karatasi zake nizijaze mimi. Akanisogezea kopo la biskuti, akageukia dirishani, na nadhani alijua nitakiona nilichokiona.

Ndani, chini ya pasipoti ya zamani, palikuwa na barua ya chuo kimoja cha hapa London. Ilimkubali kwa masomo ya ualimu na kumpa nafasi ya mtu mmoja. Tarehe yake ilitangulia mapinduzi kwa miezi minne. Iliyofuata ilikuwa barua yake mwenyewe ya maombi, nakala, na humo aliandika kwamba hana familia.

Niliisoma mara tatu. "Mwalimu, uliniambia ulikimbia."

"Sikukwambia. Mliniambia nyinyi."

"Ukakubali!"

"Nikakubali." Hakugeuka. "Nilikuwa nimechoka na nyumba ile, mwanangu. Kijana wa miaka ishirini na sita, mke, mtoto, mshahara wa skuli. Nilitaka kuondoka na sikujua niseme nini. Nikaiweka barua ile chini ya godoro nikitafuta neno. Kisha siku ile ikaja, watu wakaanza kufa mitaani, na neno likawa limepatikana. Hakuna aliyekuwa akinitafuta mimi. Jina langu halikuwa katika orodha yoyote. Wale wa Manchuria walitega wenyewe. Mimi nilitegewa tu."

"Baba yangu alichukuliwa na kandambili."

"Najua. Kila Jumamosi nilikuona."

Nilimchukia. Sitafuti neno laini zaidi. Nilijaza zile fomu kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi, nikaondoka bila kumuaga. Nilizipeleka posta hata hivyo, maana binti hakuwa na kosa.

Alikuja mwezi wa Oktoba, kwa wiki tatu. Nilimpokea uwanja wa ndege, mwanamke wa rika langu, mwalimu naye, mnene kidogo, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Njiani hakuuliza kitu. Thamesmead ilikuwa na manyunyu, na lifti ya jengo lake imeharibika, tukapanda kwa miguu. Mwalimu alifungua mlango kabla hatujagonga. Alikuwa amenyoa, amevaa tai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Wakashikana mikono kama watu waliotambulishwa ofisini. Nilitengeneza chai. Mwalimu aliyetamani siku hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini alikaa mbele ya mwanawe akaanza kumweleza habari za mafuta ya Java. Alieleza Wamarekani walivyokataa kuwauzia Wajapani mafuta na meli zao zilivyobakiwa na akiba ya miezi. Binti alisikiliza kwa adabu, sahani ya biskuti magotini. Nilitaka kupiga kelele.

Kisha akasita katikati ya sentensi. Akavua miwani. Akamwambia yote, barua ya chuo, godoro, lile neno lililopatikana. Alisema wazi, hakujipunguzia. "Hakuna aliyenifukuza," akamaliza. "Nilitaka kuondoka, nikaondoka. Ujue hivyo."

Binti aliiweka sahani chini. Alipozungumza hakuinua sauti.

"Mama alikuwa akikaa eda."

"Eda ya nani?" Mwalimu akauliza.

"Yako. Aliwaambia mtaa mzima umekufa njiani, ili wasikutafute wala wasitusumbue kwa ajili yako. Akaona hawatasadiki mpaka wamwone. Akakaa ndani miezi minne na siku kumi, na nguo nyeupe, pazia limeshushwa, wanawake wakaja kutupa pole. Mimi nilikuwa na miaka mitano. Nilikulilia mpaka nikaugua. Hitima yako ilisomwa, watu wakala, wakakuombea. Baadaye wakaja wanaume kumposa, watatu, mmoja mtu mwema sana. Aliwakataa wote. Watu wakasema ana kiburi. Hakuweza kuwaambia kwamba ana mume."

Mwalimu akavaa miwani tena. "Nani alimwambia natafutwa?"

"Wewe, baba. Barua yako ya kwanza. Uliandika kwamba wanakutafuta, na asikujibu, na asiwaambie watu uko wapi. Alitii."

Sikumbuki nani alisimama kwanza. Nakumbuka niliifunga mifereji ya jikoni ambayo haikuwa imefunguliwa. Binti alibaki zile wiki tatu, akampikia, akamfulia, akamkata kucha, na hakumsema hata neno moja baya, na Mwalimu alikuwa akimfuata kwa macho chumbani kama mgonjwa anayemwogopa daktari. Siku ya kuondoka alimbusu mkono. Mwalimu hakuweza kumsindikiza ngazini. Tangu siku hiyo hakuitaja Japani tena, na daftari za kitabu chake nilizikuta baadaye zimefungwa kamba, kurasa nyingi nyuma zikiwa tupu.

Alikufa kabla baridi haijaisha. Nilikuwa naye, nilimshika, na ile chuki ilikuwa bado ipo, na nilimlilia pamoja nayo. Tulimzika upande wa mashariki wa mji, watu tisa, mwenye duka akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Niliporudi nyumbani nilimpigia binti yake simu Unguja, nikamwambia, kisha nikamwuliza hitima wangependa tuisome hapa, au waisome huko kwao, mtaani, wanakomjua.



"Dada," akasema, "huku yake ilishasomwa. Niwaambie watu kafa nani?"